Mwogeleaji wa Pangoni

Goti la Bi Tunu Makame, fundi wa maji, lilisagika mchana, akiwa kazini, mfuniko wa vali ulipofyatuka na kumbana ukutani. Asubuhi ile ile alikuwa ameunyanyua mfuniko huo kwa mkono mmoja, kwa maana Mwezini kila kitu ni chepesi kunyanyua. Lakini chuma kilichokwisha kushika kasi hakijali kipo Mwezini au Duniani. Kilimgonga kwa nguvu zake zote.

Daktari Kadzo Karisa aliitwa kutoka mazoezini Pipani, akaja hospitalini mbio huku jasho likimtiririka. Alimchoma sindano ya ganzi, akampiga picha za goti, akazitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Nitatembea?" Bi Tunu aliuliza. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, mwenye mabega mapana ambayo watu waliyaona kabla ya kuuona uso wake.

"Utatembea, Bi Tunu. Kwa uzito wa huku, hata mguu mmoja ungekutosha."

"Na kukimbia?"

Kadzo akatikisa kichwa. "Gegedu, ile nyama ngumu inayotenganisha mifupa ya goti, imekwisha. Ukiingia Pipani, kila hatua itasaga mfupa kwa mfupa. Utakimbia wiki moja, halafu hutasimama tena."

Mume wake, Shaame, alikuwa amesimama mlangoni na aproni ya jikoni bado kiunoni. Yeye ndiye aliyewapikia watu wa Pangoni, mji wao uliojengwa ndani ya pango, na habari zilikuwa zimemfikia akiwa anakoroga uji. Wote watatu walijua maana ya maneno ya daktari.

Pipa lilikuwa chombo kikubwa cha chuma kilicholala kwa ubavu mwisho wa pango. Lilizunguka, na watu walikimbia ndani yake wakiwa wameelekeza miguu ukutani. Kadiri lilivyoongeza kasi ndivyo mwili ulivyolemewa, mpaka mtu aliyekuwa akielea kama karatasi huko nje akabeba tena uzito aliozaliwa nao Duniani. Kila mkazi alikimbia humo kila siku, akaruka, akanyanyua vyuma. Hakuna aliyelipenda. Walilikubali kwa sababu ya Sheria ya Kurudi, iliyosema kwamba kila aishiye Pangoni lazima awe na mwili unaoweza kusimama Duniani. Ambaye hawezi kuutunza mwili huo hurudishwa na meli inayofuata, kabla mlango wa kurudi haujamfungia.

Bi Tunu angeondoka. Shaame asingeweza kumfuata. Moyo wake ulikuwa na hitilafu iliyojitokeza baada ya kufika, na hakuna rubani ambaye angekubali kumpakia. Moyo ule usingevumilia mshindo wa kutua. Kwa watu wa namna yake sheria ilikuwa na kifungu kimoja tu: wabaki.

"Meli ni baada ya miezi saba," Shaame alisema hatimaye.

"Najua meli ni lini," Bi Tunu akamjibu kwa upole. Kisha akamgeukia Kadzo. "Daktari, nina matangi mawili kule chini. Moja limejaa maji ya barafu yaliyoyeyushwa, hayajasafishwa bado. La pili ni tupu, nimemaliza kulijenga juzi. Nikiogelea kwenye lile lenye maji, na nikaendesha baiskeli kwenye lile tupu, haitoshi?"

"Haitoshi."

"Umejibu haraka mno, mwanangu."

*

Kadzo alikuwa na sababu ya kujibu haraka. Kabla hajaja Mwezini alifanya kazi katika hospitali iliyowapokea wachimbaji wa kituo kimoja kilichofungwa, watu waliokaa huku miaka mingi bila mtu wa kuwalazimisha mazoezi. Walitua salama. Walifurahi, wakapiga kelele walipoiona mvua dirishani. Kijana mmoja wao aliinuka kitini ili aione vizuri, na nyonga yake ikavunjika kwa kuinuka tu. Kadzo alikuwa amemshika mkono. Sauti ile hakuwahi kuisahau.

"Mfupa hujijenga ukigongwa," alimweleza Bi Tunu siku ya pili, bandeji zikiwa zimebadilishwa. "Kukimbia kunaugonga. Kuruka kunaugonga. Kunyanyua vyuma kunaukandamiza. Usipopata hayo, mwili unaona mfupa hauna kazi, unaanza kuubomoa. Ndani ya maji unaelea. Moyo utatwanga, mapafu yatajaa, misuli itachoka, lakini mfupa umelala usingizi. Hata Duniani ni hivyo. Waogeleaji hodari wana mioyo ya ajabu na mifupa ya kawaida."

"Na baiskeli?"

"Umekalia kiti. Kiti ndicho kinachokubeba."

"Nikisimama juu ya pedali?"

"Kwa uzito wa huku? Ni kama kusimama juu ya mto wa kulalia."

Bi Tunu akacheka, mara ya kwanza tangu aumie. "Hujaliona tangi langu, Daktari. Tangi ni duara. Ukiwa na mwendo, unapanda ukutani. Na ukiwa ukutani, uzito unautengeneza mwenyewe."

Kadzo alipiga hesabu kichwani, upana wa tangi na mwendo wa baiskeli, akairudia hesabu ile. Fundi yule alikuwa sahihi. Hakuhitaji hata kwenda kasi sana. Mwendo wa mtu anayewahi sokoni kwa baiskeli ungetosha kumpa uzito kamili wa Dunia.

"Goti litastahimili?" Bi Tunu aliuliza.

"Pedali haigongi. Inazunguka tu. Likishapona, litastahimili." Kadzo alisimama. "Nitakupima kila mwezi. Na nitasema nitakachokiona, kiwe kizuri au kibaya."

"Ndiyo maana nimekuomba wewe."

Watu walipopata habari kwamba Bi Tunu ataogelea kwenye maji watakayokuja kuyanywa, baadhi walikwenda kulalamika jikoni kwa Shaame. Aliwasikiliza huku akikata vitunguu, kisha akawauliza maji wanayokunywa tangu wafike yametoka wapi kama si kwenye majasho yao wenyewe. Wakachukua sahani zao, wakaenda kula.

*

Kadzo alishuka tangini mwezi wa pili, baada ya jeraha kufunga. Alikuwa amebeba kifaa cha kupima pumzi na hakutarajia kuona kitu cha maana. Kwao Kaloleni hakukuwa na bwawa. Yeye mwenyewe hakujua kuogelea, na katika miaka yake yote Pangoni hakuwahi kuona maji mengi mahali pamoja.

Bi Tunu alivua joho, akavaa mapezi ya mpira miguuni, akateremka majini bila kelele. Mwanzoni ilikuwa kama kuogelea kokote. Mikono ilikwenda na kurudi. Kitu cha kwanza kilichomshangaza Kadzo ni mawimbi. Yalipanda juu ya kichwa cha mwogeleaji, yakasimama, yakaonekana kufikiri, ndipo yakashuka taratibu kama shuka inayotandikwa. Matone yalikuwa makubwa kama mayai. Yalining'inia hewani yakimeta chini ya taa, na kabla ya yale ya kwanza kufika chini, mengine yalikuwa yameshapaa.

Kisha Bi Tunu akazama. Kadzo alimwona chini kabisa, kivuli chembamba, akikusanya miguu. Akapiga mapezi mara moja, mara mbili, mara tatu, na akatoka.

Alitoka mwili mzima. Aliyaacha maji chini yake, mikono imenyooka mbele, nywele zimetandazika, na akaendelea kupanda mpaka akafika usawa wa jukwaa aliposimama Kadzo, juu zaidi ya kimo cha mtu. Hapo akapunguza mwendo. Kwa muda ambao mtu angeweza kutamka jina lake na la baba yake, walitazamana ana kwa ana, mmoja amesimama kwenye chuma, mwingine hajashikilia chochote. Bi Tunu alikuwa akitabasamu. Halafu akajikunja polepole, akageuka kichwa chini, akarudi majini, na maji yakafunguka kumpokea.

Kadzo alijikuta ameketi chini. Kifaa cha kupimia kilikuwa kimemponyoka, kikawa kinadunda taratibu kwenye jukwaa.

"Unalia, Daktari?" Bi Tunu aliuliza akiwa ameshika ukingo, akihema.

"Sijui," Kadzo alisema. "Rudia."

*

Baiskeli ilikuwa jambo jingine. Bi Tunu aliiunda kwa mabomba na magurudumu ya mkokoteni wa stoo, bila breki. Alianzia sakafuni mwa tangi tupu, akizunguka kwenye ukingo wa chini uliopinda, akipanda kidogo kidogo, mpaka baiskeli na mwili wake vikalala kabisa, kichwa kikielekea katikati ya tangi, magurudumu yakikimbia ukutani. Mlio wake ulijaza chuma chote. Alipoipata kasi aliinuka kutoka kwenye kiti na kusimama juu ya pedali, na Kadzo aliona misuli ya mapaja yake ikikaza kama ya mtu anayepanda mlima.

"Niko wapi?" Bi Tunu alipiga kelele kutoka ukutani.

Kadzo alitazama kioo mkononi mwake, kilichopokea namba kutoka kwenye kipimo kilichofungwa kwenye usukani wa baiskeli ile. "Uko Duniani!" alimjibu kwa sauti. "Uko Duniani kabisa, mama!"

Mwezi wa sita ulipofika, Kadzo alimfanyia vipimo vyote, akavirudia mara ya pili kwa sababu hakuviamini. Moyo wa Bi Tunu ulikuwa umepita mioyo ya watu wote wa Pangoni, pamoja na vijana waliokuwa wakimaliza wa kwanza Pipani. Kwa kila pumzi alivuta oksijeni kama msichana. Misuli ya miguu ilikuwa sawa na ya wakimbiaji, na mgongo wake ulikuwa bora kuliko migongo yao. Mambo ambayo watu waliyatafuta kwa mateso ndani ya kile chombo, yeye aliyapata akicheka.

Kisha akatazama mifupa. Baiskeli ilikuwa imesaidia, kuliko alivyotegemea. Bila ile mizunguko ukutani hali ingekuwa mbaya. Lakini mfupa ulitaka kugongwa, na pedali, kama alivyosema mwenyewe, haigongi. Nyonga zilikuwa zinapungua. Polepole, lakini zinapungua, na hakukuwa na dalili kwamba zingesimama.

Alimweleza Bi Tunu hivyo hivyo, bila kupamba.

"Miaka mingapi?" Bi Tunu aliuliza.

"Minne, labda mitano. Baada ya hapo hutaweza kusimama Duniani. Utaishi hapa vizuri, pengine kuliko sisi sote. Lakini hutarudi."

Bi Tunu alizitazama picha za nyonga zake kama mtu anayetazama nyumba aliyowahi kuishi. "Nina dada Unguja," alisema. "Na kaburi la mama." Akaziweka picha chini. "Na Shaame yuko hapa."

*

Mkuu wa mji, Lutengano Mwakyusa, alimwita Kadzo ofisini siku moja kabla ya kikao cha mji cha kuamua kama Bi Tunu atapanda meli. Alikuwa mtu mzima, mwenye sauti ya chini, na alimkaribisha chai kabla ya kusema lolote.

"Nimesoma ripoti yako, Daktari. Nakuomba kitu kigumu. Kesho zungumzia mifupa. Ya moyo yaache."

Kadzo aliweka kikombe mezani. "Kwa nini, Mkuu?"

"Kwa sababu nina mabinti wawili ambao kila asubuhi nagombana nao waingie Pipani. Wakisikia kwamba mtu ameogelea tu, ameendesha baiskeli, na moyo wake umewashinda wakimbiaji, unadhani watasikia sehemu ya pili? Utasema mifupa, nao watasikia bwawa. Baada ya miaka mitano nitakuwa na mji mzima usioweza kurudi nyumbani. Wewe ulikuwepo hospitalini. Uliwaona wale watu."

"Niliwaona."

"Basi unajua sitaki ubaya. Nikimruhusu mmoja, nimewaruhusu wote. Bi Tunu nampenda kama dada yangu. Lakini nani atahakikisha Pipa halibaki tupu?"

Kadzo alitoka bila kumaliza chai. Jioni hiyo alikimbia Pipani zaidi ya muda wake. Kila kisigino kilipogonga chuma aliusikia mshindo ukipanda kwenye muundi, kwenye paja, kwenye nyonga, na alijua kwamba huo ndio ulikuwa ukimjengea njia ya kurudi kwao. Mkuu hakukosea. Ukweli nusu ungewaokoa wengi. Wangeendelea kukimbia, wangebaki na mifupa yao, na mwanamke mmoja angepanda meli. Lakini je, watu wanaokimbia kwa sababu wamefichwa kitu, wanakimbia au wanakimbizwa? Na yule kijana wa hospitalini, yeye hakudanganywa na mtu. Hakuambiwa lolote, si kweli wala uongo. Ukimya huo ndio ulioimaliza mifupa yake.

Pipa lilipunguza mwendo. Alikuwa ameshaamua, na uamuzi ulimtisha.

*

Kikao kilifanyika kwenye ukumbi wa kulia chakula, na mji mzima ulikuja. Kadzo alisimama, akaeleza yote. Alisema kwamba kuogelea na baiskeli vimelingana na Pipa kwa moyo, kwa pumzi na kwa misuli, na mahali pengine vimelishinda. Ukumbi ukavuma. Akamwona Lutengano akifumba macho. Kadzo akangoja watulie.

"Sasa nisikilizeni kwa makini kama mlivyosikiliza hayo," alisema. Akawaeleza habari za kijana, mvua dirishani, kuinuka kwake kitini, na ile sauti. Sauti hiyo hakuwahi kumsimulia mtu yeyote pale. "Nyonga za Bi Tunu zinaelekea huko. Baiskeli imechelewesha, haikuzuia. Anayechagua maji anapata moyo wa ajabu na anaipoteza Dunia. Hakuna njia ya kupata vyote viwili. Ningeijua, ningewaambia."

Safari hii hakuna aliyevuma. Binti mkubwa wa Lutengano, aliyekaa mstari wa mbele, alikuwa ameshika nyonga yake kwa mkono bila kujijua.

"Bi Tunu," Mkuu aliita. "Umeelewa alichosema daktari?"

"Nimeelewa tangu mwezi uliopita."

"Hutarudi kamwe."

"Mkuu, sheria inaitwa ya Kurudi," Bi Tunu alisema akisimama. "Iliwekwa ili mtu asifungiwe huku. Mimi nimeipenda kwa sababu hiyo. Lakini mlango wa kutokea ukitumika kumsukuma mtu nje, nao umekuwa gereza la namna nyingine. Mimi si mtoto. Nimeambiwa kila kitu. Nataka kubaki na mume wangu na maji yangu."

Shaame, aliyekuwa nyuma na watu wa jikoni, alijifuta uso kwa kona ya aproni.

Lutengano alisimama. "Kabla sijasema chochote," alisema, "nataka nione."

Wakashuka wote. Jukwaa halikutosha, wengine walisimama kwenye ngazi, wengine wakaning'inia kwenye mabomba. Bi Tunu akazama, akatoka, akapaa mbele yao akiwa amezungukwa na matone makubwa yanayometa, akasimama hewani kwa ule muda usio wa kawaida, na watu mia tatu wakaacha kupumua. Hakuna aliyepiga makofi. Mzee mmoja wa karakana alivua kofia. Lutengano aliinua mkono kana kwamba alitaka kumgusa, kisha akaushusha.

"Mungu wangu," alisema kwa sauti ndogo. "Tumeishi hapa miaka yote hii tukijitahidi kuwa watu wa kule."

Akatoa uamuzi papo hapo, maji yakiwa bado yanashuka. Bi Tunu abaki. Mtu mzima yeyote atakayetaka kuacha Pipa kuanzia siku hiyo angekwenda kwanza kwa daktari, amsikilize mpaka mwisho, na angengoja meli ijayo iondoke bila yeye ndipo aingie majini. Watoto wangeendelea kukimbia mpaka wawe na umri wa kuchagua. Kadzo ndiye angesema na kila mmoja wao. Alipokubali, alihisi uzito ambao hakuna pipa ambalo lingeweza kuutengeneza.

*

Meli iliondoka wiki tatu baadaye. Waliitazama kwenye kioo cha ukumbi, moto mdogo mweupe ukipanda kwenye anga jeusi, na nyuma yake Dunia ya buluu, nusu yake kwenye kivuli. Bi Tunu alisimama katikati ya Shaame na Kadzo. Alikuwa ameuchagua wakati huu mwenyewe.

"Nimeogopa," alisema.

Shaame alimshika mkono. Hakusema kwamba mambo yatakuwa sawa. Alisema, "Mimi niliogopa hivyo hivyo waliponiambia sitarudi. Kuogopa kunapungua."

Walisimama mpaka ule moto ukapotea. Ndipo Bi Tunu akashusha pumzi, akamgeukia Kadzo. "Wewe hujawahi kuingia majini."

"Sijui kuogelea."

"Nimefundisha wasichana wa Unguja wanaoogopa hata ndoo. Njoo."

Maji yalikuwa ya baridi kuliko alivyodhani. Ilimchukua Kadzo siku nyingi kujifunza kuelea, na nyingi zaidi kuzama bila kutapatapa. Watu tisa walikuwa wameshakuja kwake kuomba kuacha Pipa. Sita waliposikia habari za yule kijana walirudi kukimbia. Watatu walisikiliza mpaka mwisho, wakamshukuru, na wakaandikisha majina. Hakuwalaumu wale wala hawa. Mwenyewe aliendelea kwenda Pipani kila alfajiri, kwa sababu alitaka kurudi kwao siku moja, na alipomaliza alishuka tangini akiwa na miguu inayouma.

Siku aliyoweza, alizama mpaka chini, akakusanya miguu kama alivyofundishwa, akapiga mapezi kwa nguvu zote alizokuwa nazo.

Maji yakamwacha. Alitegemea kuanguka mara moja, lakini hakuanguka; alizidi kupanda. Aliziona taa zikimkaribia. Alimwona Bi Tunu chini yake, mdogo, amefungua mikono na kucheka. Moyo wake ulikuwa ukipiga kwa nguvu, naye hakuwa na chochote chini ya miguu, wala hakuhitaji. Kisha kupanda kukaisha, na akabaki hapo, kati ya kwenda juu na kushuka, akageuza kichwa polepole atazame kila upande.